Nywele Kunyonyoka Baada ya Kujifungua: Mama, Usiogope na Usiache Kunyonyesha

Kama uko jikoni, kama uko shambani, au umeketi tu ukimnyonyesha mtoto, sogea karibu na redio yako. Na kama kuna mama mkwe, nyanya au yaya anayekusaidia kulea, mwite naye asikilize, kwa sababu mazungumzo ya leo yanamhusu pia.

Leo tunazungumza kuhusu nywele. Pengine utasema, "Kwani nywele nazo ni ugonjwa?" Subiri kidogo. Mama amejifungua miezi mitatu iliyopita. Asubuhi anachana nywele na kitana kinajaa. Anafumua misuko na kuona pembe za paji la uso zimebaki wazi. Moyo unashtuka. Hapo ushauri unaanza kumiminika. Mmoja anamwambia mtoto anamnyonya nguvu, kwa hivyo amwachishe. Mwingine anamwambia aache dawa ya kupanga uzazi. Wa tatu anamuuzia mafuta ya bei ghali. Mwishowe mtoto anakosa maziwa, mama anapata mimba ambayo hakuipanga, na pesa za unga zimekwisha, yote kwa ajili ya nywele ambazo zingerudi zenyewe.

Kwa hivyo mama, shika neno hili: nywele zinazonyonyoka miezi michache baada ya kujifungua kwa kawaida hurudi. Kazi yako ni kuzitunza zinaporudi, na kuzijua zile dalili chache zinazoonyesha kwamba kuna jambo jingine mwilini.

Kwa nini nywele hunyonyoka?

Kichwa cha mtu kina nywele kama 100,000. Kila unywele una wakati wake. Hukua kwa miaka 2 hadi 6, kisha huacha kukua na kupumzika kwa muda wa miezi 3 hivi, halafu hutoka na mwingine kuota mahali pake. Kwa sababu hiyo, kila mtu hupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku, hata akiwa mzima kabisa.

Unapokuwa mjamzito, homoni iitwayo estrojeni huongezeka sana. Homoni ni kemikali ambazo mwili hutengeneza ili kuendesha kazi zake. Estrojeni hii huzizuia nywele nyingi zisiingie katika kupumzika. Ndiyo maana wajawazito wengi huona nywele zao zimejaa na kupendeza. Ukijifungua, estrojeni hushuka ghafla. Zile nywele zilizokuwa zimekawia zote huingia katika kupumzika kwa pamoja. Miezi michache baadaye, zinatoka kwa pamoja.

Umeona? Nywele zinazotoka leo zilianza safari yake siku ulipojifungua. Chukua mfano. Ukijifungua mwezi wa Januari, nywele zitaanza kunyonyoka Machi, Aprili au Mei. Zitanyonyoka sana kwa wiki kadhaa, kisha zitapungua. Kufikia wakati mtoto anatimiza mwaka mmoja, akina mama wengi huwa wamerudia hali yao ya kawaida. Unywele hukua takriban sentimita 1 kwa mwezi, kwa hivyo utaona kwanza vinywele vifupi vikisimama kwenye paji la uso. Hivyo si vya kukasirikia. Ndivyo nywele mpya!

Je, kunyonyesha ndiko kunakosababisha? Hapana. Hata mama asiyenyonyesha hunyonyoka nywele. Ukimwachisha mtoto, nywele hazitaacha kutoka, lakini mtoto atakuwa amepoteza chakula na kinga. Endelea kumpa maziwa ya mama pekee hadi atimize miezi 6, kisha umwanzishie vyakula vingine huku ukiendelea kunyonyesha hadi miaka 2 au zaidi.

Na upasuaji, homa kali au kupoteza damu nyingi wakati wa kujifungua? Mambo hayo pia yanaweza kuzifanya nywele zitoke miezi 2 au 3 baadaye. Mama aliyepitia hayo anaweza kunyonyoka zaidi ya mwenzake.

Zimenyonyoka au zimekatika?

Kabla ya kulia, chunguza. Chukua unywele uliotoka uutazame penye mwanga. Ukiona kinundu kidogo cheupe upande mmoja, unywele huo umetoka kwenye mzizi. Ukiwa mfupi na hauna kinundu, umekatika njiani. Nywele zinazokatika hazitokani na kujifungua. Zimechoshwa na dawa za kulainisha, pasi ya nywele, au kuchanwa zikiwa kavu.

Jambo la pili, usishtuke siku ya kufumua. Ukikaa na misuko wiki 6, hizo ni siku 42. Hata zikitoka nywele 50 tu kwa siku, ni nywele 2,100 zilizobaki zimenaswa ndani ya misuko. Siku ya kufumua zinatoka zote mara moja na kujaa mkononi. Huo ni mrundikano wa siku nyingi.

Utunzaji wa nyumbani

Kwanza, legeza misuko. Nywele zinazoanza kuota hazina nguvu ya kuvutwa. Mwambie msusi wako wazi, "Usikaze pembeni." Ukisukwa hata usingizi ukakataa kwa maumivu, au ukiota vipele kando ya nywele, misuko hiyo imekaza kupita kiasi. Ifumue siku hiyo hiyo, hata kama umeilipia. Kuvuta nywele mwaka baada ya mwaka huua mizizi. Mwanzoni nywele hurudi ukiacha kuzivuta, lakini ngozi ikishakuwa laini na kung'aa, haziwezi kurudi tena. Mama wengi hulaumu uzazi kwa pembe zilizo wazi, kumbe ni miaka ya kukazwa.

Pili, pumzisha dawa ya kulainisha nywele katika miezi hii. Ukiamua kuitumia, usisukwe wala kushonewa nywele za bandia muda mfupi baadaye, na usikubali ikae kichwani hadi ichome.

Tatu, osha nywele kama kawaida. Kuosha hakuzing'oi nywele. Hutoa zile ambazo tayari zimeachia. Chana kwa kitana chenye meno mapana, ukianzia kwenye ncha na kupanda polepole. Mafuta ya nazi huzuia ukavu na kukatika, lakini hayaoteshi nywele. Usipake kitunguu saumu kibichi. Kinaweza kuunguza ngozi.

Nne, kula vizuri. Upungufu wa madini ya chuma hupunguza damu, na pia huweza kuzifanya nywele zitoke. Huhitaji vitamini za bei ghali. Omena, mayai, maharagwe, ndengu, kunde, terere, managu, na nyama au maini kidogo ukipata, vinatosha. Ongeza chungwa au ndimu kwenye mlo, kwa sababu husaidia mwili kuchukua chuma kilicho katika mboga na nafaka. Chai nayo hukizuia. Kwa hivyo usinywe chai pamoja na chakula. Ngoja saa moja au mbili. Na kama ulipewa vidonge vya kuongeza damu kliniki, vimalize kama ulivyoelezwa, usiviweke kabatini.

Ninyi mlio na mama huyu nyumbani, kumbukeni kwamba anayenyonyesha anahitaji sahani iliyojaa. Asiwe wa mwisho kupakua.

Hatari kwa mtoto

Hapa naomba usikilize kwa makini. Wakati nywele zako zinanyonyoka sana, ndio wakati mtoto wako ni mchanga. Unywele mmoja unaweza kuingia ndani ya soksi au nepi na kujizungusha kwenye kidole cha mguu au cha mkono, au kwenye uume wa mtoto wa kiume. Unakaza kama uzi, damu haipiti, kidole kinavimba na kubadilika rangi. Mtoto analia na hatulii hata akinyonyeshwa.

Kwa hivyo, jifunge kitambaa kichwani unapomnyonyesha na kumwogesha. Geuza soksi nje ndani kabla ya kumvisha. Kila unapobadilisha nepi, angalia vidole vyote na sehemu za siri. Mtoto akilia bila sababu unayoijua, mvue nguo zote umkague. Ukiona unywele na unaweza kuufungua kwa urahisi, ufungue. Kama umezama ndani ya ngozi, au kidole kimevimba, usichokore kwa wembe wala sindano. Mkimbize hospitalini wakati huo huo, hata kama ni usiku.

Na nywele za mtoto mwenyewe? Watoto wachanga wengi hunyonyoka nywele katika miezi ya kwanza, hasa kisogoni wanapolalia. Hiyo ni kawaida, nazo huota tena.

Wakati wa kwenda kliniki

Mama, nenda kituo cha afya ukiona mojawapo ya haya:

Mwaka mmoja umepita tangu ujifungue na nywele bado zinanyonyoka sana.

Unachoka kupita kiasi, unaona kizunguzungu, au viganja na ndani ya kope vimekuwa vyeupe. Hiyo huweza kuwa upungufu wa damu, na kipimo chake ni rahisi.

Unasikia baridi wakati wengine wanaona joto, unapata choo kigumu, mwili unanenepa na huna furaha. Au kinyume chake: moyo unakwenda mbio, unatoka jasho, mikono inatetemeka na unakonda. Mbele ya shingo kuna tezi ya thairoidi, ile ambayo ikivimba sana huitwa rovu. Tezi hii huweza kuvurugika katika mwaka wa kwanza baada ya kujifungua. Akina mama huvumilia wakidhani ni uchovu wa kulea. Kipimo cha damu kitaonyesha, na dawa iko.

Kichwa kina mabaka ya mviringo yasiyo na nywele, magamba, usaha, au utosi unaowasha na kuchoma. Huenda ni mapunye au ugonjwa mwingine wa ngozi. Baadhi ya magonjwa haya huacha kovu, kwa hivyo usikawie.

Hedhi imepotea kwa miezi au huja ovyo, unaota ndevu kidevuni, una chunusi nyingi, na mstari unaogawa nywele katikati unazidi kupanuka. Hapo huenda homoni za kiume zimezidi mwilini.

Umejawa na huzuni, hulali hata mtoto akilala, au unaona maisha hayana maana. Sema. Huzuni ya baada ya uzazi ni ugonjwa unaotibika. Na ukipata wazo la kujidhuru wewe au mtoto, usingoje hadi kesho.

Kuhusu kupanga uzazi, ni kweli kwamba baadhi ya wanawake huona nywele zikipungua wanapotumia au wanapoacha dawa zenye homoni. Lakini usiache mwenyewe nyumbani. Rudi kliniki uulize kama unaweza kubadilishiwa njia. Njia ziko nyingi, na nyingine hazina homoni kabisa.

Neno juu ya dawa za kuotesha nywele

Iko dawa ya kupaka inayoitwa minoksidili. Huwasaidia wanawake wengi ambao nywele hupungua polepole utosini, jambo ambalo huonekana zaidi kadiri umri unavyosonga na baada ya hedhi kukoma. Kwa hivyo nyanya anayetusikiliza, nawe unaweza kumuuliza daktari. Inachukua miezi 4 hadi 6 kuonyesha kazi yake, mwanzoni nywele zaweza kutoka zaidi, na ukiiacha nywele hupungua tena. Haifai kwa mjamzito, na anayenyonyesha asiitumie bila kuzungumza na daktari. Mama ambaye nywele zimetoka kwa sababu ya kujifungua kwa kawaida haihitaji. Krimu zinazouzwa bila kuandikwa kilichomo, ziache dukani.

Mpendwa msikilizaji, tujikumbushe. Nywele zinazotoka mwezi wa 2 hadi wa 4 baada ya kujifungua kwa kawaida hurudi. Endelea kunyonyesha. Legeza misuko. Kula vyakula vyenye chuma. Kagua vidole vya mtoto kila siku. Na ukiona dalili tulizotaja, nenda kliniki. Siku unayompeleka mtoto kupata chanjo, nawe sema shida yako. Mwambie muuguzi, "Na mimi pia naomba kuangaliwa."

Kama jirani yako amejifungua majuzi na amejifunga kitambaa kwa aibu, mwambie uliyoyasikia leo. Jitunze, mtunze mtoto.