Unataka kuandika hadithi? Anza na daftari ulilo nalo

Je, una hadithi kichwani lakini hujui uanzie wapi? Makala hii ni yako, uwe mkimbizi au Mganda, uwe unaishi Katwe, Nsambya au uko makazini Nakivale.

Wengi wetu tumeshasimulia maisha yetu ofisini mara nyingi. Huko tunaulizwa tarehe, majina na njia tuliyopita, na kila jibu ni lazima liwe la kweli. Hadithi ya kubuni ni kitu kingine. Humo unaruhusiwa kuwaunganisha watu wawili wakawa mmoja, kuhamisha mji, hata kumpa mhusika wako jibu ambalo wewe siku ile hukuweza kulitoa.

Chagua tukio moja

Usianze na vita vyote tangu mwanzo hadi mwisho. Anza na mama anayekaanga chapati kabla hakujapambazuka, au mwenye nyumba anayegonga mlango akidai kodi. Jiulize: mtu huyu anataka nini leo? Nini kinamzuia? Ukipata majibu hayo mawili, umepata hadithi.

Andika nusu ukurasa kila siku. Kwa mwezi utakuwa na kurasa 15. Ukiandika kwenye simu, jitumie nakala kwa barua pepe, maana simu huibiwa.

Tumia lugha inayokujia yenyewe

Kiswahili cha Bukavu au Goma hakina sababu ya kuona haya mbele ya kile cha Unguja. Waache wahusika waongee kama watu wanavyoongea kweli. Makosa ya tahajia yatasahihishwa baadaye.

Linda watu wako

Kubadilisha jina peke yake hakutoshi. Kama ndugu zako wamebaki nyumbani, badilisha pia kijiji, kazi, idadi ya watoto, na chochote kinachoweza kuwatambulisha. Kabla ya kuiweka hadithi mtandaoni, andika wazi juu yake: "hadithi ya kubuni". Hapo hakuna atakayeidhania kuwa ndiyo maelezo ya maisha yako.

Na ukiona kuandika kunakurudishia usiku ule na kukunyima usingizi, weka kalamu chini. Ongea na mtu unayemwamini au mshauri nasaha. Hadithi itakungoja.

Tafuta wasomaji

Msomee rafiki kwa sauti. Pale anapochoka kusikiliza, pafupishe. Pale anapouliza "halafu?", umefanya vizuri.

Hapa Kampala, FEMRITE, chama cha waandishi wanawake kilichoanzishwa mwaka 1995, kiko Kamwokya. Klabu yake ya wasomaji na waandishi imejulikana kwa kukutana Jumatatu jioni, na wanaume pia hukaribishwa. Mazungumzo mengi huwa kwa Kiingereza. Uliza kwanza kama ratiba haijabadilika. Kama Kamwokya ni mbali, watu watatu chini ya mwembe wanatosha kuwa klabu.

Mashindano

Tuzo ya Hadithi Fupi ya Jumuiya ya Madola hupokea hadithi za Kiswahili zenye maneno 2,000 hadi 5,000, bila malipo. Lakini ni ya raia wa nchi wanachama tu: Mganda, Mkenya, Mtanzania au Mnyarwanda anaweza kushiriki, Mkongo, Mrundi au Msudani Kusini hawezi. Kwa hiyo soma masharti ya kila shindano kabla ya kutuma. Na mtu akikuomba pesa ili "akuchapishie haraka", usitoe kitu kabla hujaona vitabu alivyochapisha na kuongea na waandishi wake.

Usiharakishe

Abdulrazak Gurnah aliondoka Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964, akafika Uingereza akiwa kijana mkimbizi mwishoni mwa miaka ya 1960. Alianza kuandika huko ugenini. Riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1987, karibu miaka 20 baadaye. Mwaka 2021 alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi.

Huenda wewe hutapata tuzo. Lakini mtoto wako atakayekulia Kampala atapata kitu cha kusoma kuhusu mlikotoka, kilichoandikwa na mtu anayekujua. Leo jioni, kabla umeme haujakatika, andika sentensi ya kwanza.