Kabla mchome karatasi za mzee, soma hii

Wiki tatu baada ya kumzika baba, mama alivuta katoni moja kutoka chini ya kitanda, akaniuliza kiberiti kiko wapi. Ndani mlikuwa na madaftari yale ya kurasa 200, risiti zilizofifia na vikaratasi vya mkopo. Mzee aliuza mafuta ya taa Kayole miaka mingi, pampu ya mkono na madebe, na kila shilingi aliiandika.

Nikamwambia mama angoje kidogo. Sababu yenyewe ilikuwa ya ajabu. Usiku uliotangulia nilikosa usingizi, nikawa nasoma kwa simu habari za muuza mafuta mwingine, ila huyu alikuwa wa kiwango kingine kabisa.

Jina lake Edward Doheny. Alizaliwa 1856 Wisconsin, Marekani, na ujana wake wote aliuzungusha magharibi ya nchi hiyo akitafuta dhahabu na fedha milimani, mara nyingi bila kupata kitu. Kwa lugha yetu, alikuwa hasla. Akiwa kwenye mji wa machimbo wa Kingston, New Mexico, alijuana na kijana mmoja kwa jina Albert Fall. Shika jina hilo, tutalirudia.

Mwaka wa 1892 Doheny alikuwa Los Angeles, mfuko mtupu. Akaona mkokoteni umebeba kitu cheusi kinachonata kama lami. Akauliza kinatoka wapi, akaambiwa. Yeye na rafiki yake Charles Canfield wakakodi kiploti, wakaanza kuchimba kwa sururu na sepetu. Walishuka zaidi ya futi 150. Gesi ilipowazidi, wakachonga gogo la mkalitusi likawa ndio keekee yao. Mafuta yakatoka.

Kutoka hapo jamaa hakushikika. Alienda Mexico, na Februari 1916 kisima chake cha Cerro Azul namba 4 kikalipuka na kutoa takriban mapipa 260,000 kwa siku. Aliyekuwa hana kitu akawa miongoni mwa matajiri wakubwa duniani.

Sasa rudi kwa Albert Fall. Kufikia 1921 alikuwa waziri wa serikali ya Marekani, anayesimamia ardhi ya umma. Novemba mwaka huo, Doheny alimtuma mwanawe Ned ampelekee Fall dola 100,000 pesa taslimu, ndani ya mkoba mweusi. Mwaka uliofuata kampuni ya Doheny ikapewa kandarasi ya mafuta ya Elk Hills, California, mafuta yaliyotengewa jeshi la wanamaji. Wewe ungeita nini hiyo?

Doheny aliiita mkopo kwa rafiki wa zamani. Seneti ilipomhoji 1924, alitoa hati ya deni, lakini pale pa sahihi pamechanwa! Akaeleza kuwa kipande chenye sahihi alimpa mkewe, ili yeye akifa ghafla, wasimamizi wa mali wasimkabe Fall koo. Kuna walioamini na kuna waliocheka.

Kesi zikaenda miaka. Mahakama ya Juu ilifuta kandarasi hiyo 1927. Februari 1929 Ned alikufa kwa risasi nyumbani kwake, pamoja na katibu wake Hugh Plunkett, ambaye waliandamana naye siku ya ule mkoba. Mwaka huohuo Fall alipatikana na hatia ya kupokea hongo. Mwaka uliofuata Doheny akaachiliwa kwa shtaka la kuitoa. Hongo ileile, mpokeaji ana hatia, mtoaji hana. Karibu mahakamani.

Doheny alikufa Septemba 1935. Mjane wake, Estelle, akazichukua karatasi zake za binafsi na za biashara, akazichoma. Zikaenda nyingi mno.

Na huyu mama hakuwa mtu wa kudharau maandishi. Aliishia kuwa mmoja wa wakusanyaji wakubwa wa vitabu adimu Marekani. Mwaka wa 1950 alinunua Biblia ya Gutenberg, ambayo baadaye, 1987, iliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 5. Kuna maktaba kubwa Chuo Kikuu cha Southern California iliyojengwa kwa pesa za familia hiyo kumkumbuka Ned. Yaani familia ilijenga maktaba, halafu historia yake yenyewe ikaingia motoni.

Simhukumu. Alikuwa amezika mtoto wa kambo na mume, na kwa miaka kumi magazeti yalikuwa yamewala nyama. Lakini moto wake haukugusa karatasi za watu wengine. Maswali ya Seneti yapo. Rekodi za mahakama zipo. Magazeti yapo. Kwa hivyo leo ukitaka kumjua Doheny, sehemu kubwa unamjua kwa mdomo wa waliomshtaki. Kama alikuwa na la kujitetea, au hata la kujuta, liligeuka majivu.

Hayo ndiyo yaliyokuwa kichwani mama alipoitisha kiberiti. Nikaketi sakafuni, nikafungua daftari la juu.

Ukurasa wa tatu uliandikwa "Chama – karo ya kijana". Mzee alikuwa amekopa 40,000 nilipojiunga na chuo, chuo nilichoacha mwaka wa pili. Malipo yaliendelea miezi mingi baada ya mimi kuacha. Hakuwahi kuniambia, hata siku tulipogombana kuhusu jambo hilohilo.

"Ndiyo maana nilitaka zichomwe," mama akasema. "Sikutaka uyaone."

Lakini kulikuwa na kitu kingine. Kwenye matanga, chama walikuwa wamemwambia mama kuwa deni lililobaki ni 31,000. Daftari la mzee lilisema 18,000. Malipo mawili ya mwisho, 6,500 kila moja, yalikuwa na sahihi ya mweka hazina pembeni. Tulipompelekea, aliitazama muda mrefu, akafungua kitabu chake, akakiri hakuwa ameyaingiza.

Tungechoma, neno la chama ndilo lingebaki peke yake.

Sasa nalipa 2,000 kila mwezi, na nikilipa naandika kwenye daftari lilelile, chini ya mwandiko wa mzee. Katoni iko juu ya kabati. Mama bado haipendi, lakini kiberiti amekirudisha jikoni.