Risasi Ndiyo Inayochagua Bunduki

Kijana wa bodaboda aliyenifikisha Isikizya alikuwa na bunduki ndani ya simu. Alikuwa ameipakua picha yake siku nyingi na alitaka mtu wa kumwonyesha. Mtu huyo tulimkuta chini ya mwembe, si mbali na ofisi za Halmashauri ya Wilaya ya Uyui: askari wa wanyamapori mstaafu, ambaye siku hizi anauza asali ya misitu ya miombo kwa dumu na kwa chupa.

"Mwangaluka, babu," kijana alisalimia, akamsogezea simu. Bunduki ilikuwa nyeusi tii, ina kitako cha plastiki kinachorefushwa na kufupishwa, magazini iliyopinda kidogo, darubini juu na tochi pembeni. "Hii si ingefaa kwa nyati?"

Mzee alivaa miwani, akaitazama kwa utulivu kama mtu anayekagua gari asilokusudia kulinunua. "Inapiga risasi gani?"

Kijana hakujua.

"Basi hujanionyesha bunduki bado."

Nilikwenda Uyui kuandika habari za biashara ya uwindaji katika ukanda wa Tabora, na sikutarajia kwamba sentensi hiyo ya mzee ingenisaidia kuliko makabrasha niliyobeba. Katika biashara hii mtu haanzi na bunduki. Anaanza na mnyama, mnyama anaamua risasi, risasi inaamua bunduki, na juu ya vyote hivyo imekaa sheria.

Tuanze na sheria, maana ndiyo inayofuta picha ya kijana mara moja. Tanzania hairuhusu kuwinda kwa bunduki otomatiki wala semi-otomatiki, yaani ile inayojipakia yenyewe risasi ya pili baada ya ya kwanza kutoka. Mgeni anayekuja kuwinda kwa dola zake anaambiwa hivyo kabla hajakata tiketi ya ndege, na anaambiwa pia kwamba bastola aiache nyumbani. Uwindaji unasimamiwa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na umiliki wa silaha yenyewe chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Mwindaji anakuwa na watawala wawili: Polisi kwa bunduki, na Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, TAWA, kwa mnyama. Leseni ya mmoja haimfanyi mwingine afumbe macho.

Wenzetu wana desturi nyingine. Marekani, kampuni ya Colt ilianza kuuzia raia bunduki ya semi-otomatiki ya AR-15 mwaka 1964, na leo bunduki ya aina hiyo inabeba soko zima la vipuri: vitako, mitutu, reli za kufungia darubini, mikanda, vishikio. Mtu huinunua kama fremu tu, halafu akatumia miaka akiivalisha. Browning nao walileta mwaka 1967 bunduki yao ya semi-otomatiki iliyokusudiwa wawindaji, yenye kitako cha mbao na sura ya kistaarabu zaidi. Ulaya wakakubali nusu njia: Mkataba wa Bern wa mwaka 1979 ukakataza kuwindia semi-otomatiki ambayo magazini yake inaingiza zaidi ya risasi mbili.

Sifa za bunduki ya kujipakia si za kubeza. Sehemu ya gesi ya baruti inayosukuma risasi huchepushwa kutoka kwenye mtutu, ikarudisha bolti nyuma, ikatoa ganda tupu na kuingiza risasi mpya. Kwa kuwa kazi hiyo inakula sehemu ya nguvu, bega linaumia kidogo na jicho halitoki kwenye shabaha. Kwa kulenga karatasi, raha tupu. Tatizo la porini ni mzee na swali lake. AR-15 ya kawaida inapiga risasi ya .223, yenye uzito wa gramu tatu na nusu hivi, nayo hutoka na nishati ya takriban juli 1,750. Risasi ya .375 H&H, iliyotolewa na Holland & Holland ya London mwaka 1912, ina uzito wa zaidi ya gramu 19 na hutoka na juli zaidi ya 5,500. Nyati hahesabu umepiga mara ngapi. Anachojua ni kama risasi imefika moyoni au imeishia kwenye nyama ya bega, na ikiishia begani, anayefuata kuwindwa ni wewe.

Ndiyo maana .375 imekuwa kipimo cha chini kwa nyati, simba na tembo, na ndiyo maana katika kambi za uwindaji wa kitalii za magharibi mwa Tanzania utaikuta kila mahali. Wawindaji bingwa wengi wana yao ya .416 au .458, kwa ajili ya dakika ile mteja anapokosea. Bunduki zenyewe kwa kawaida ni za bolti ya mkono kwa mtindo wa Mauser wa mwaka 1898, wenye ukucha mpana unaoshika kitako cha risasi tangu inapotoka kwenye magazini hadi inapoingia chemba. Teknolojia hiyo imepita karne moja na robo, na bado vumbi la Septemba halijaishinda. Mashine inayojipakia kwa gesi inataka kusafishwa, inataka risasi za kiwango kimoja, inataka mafundi. Bolti inataka mkono.

Ukija kwenye mavazi ya bunduki, hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Mteja kutoka ng'ambo huja na darubini ndefu ya kuvuta mara kumi na tano au ishirini, aliyoizoea kwenye nyika za kwao. Kwenye miombo ya Tabora miti imesongamana, na risasi nyingi hupigwa chini ya mita 100; nyati mara nyingine huonekana akiwa mita 40, nusu yake imefichwa na mti. Darubini ya kuvuta sana hapo hukuonyesha unyoya mmoja mkubwa kama mkeka na usijue ni wa shingo au wa kiuno. Kinachofaa ni ile inayoanzia mara moja au moja na nusu na kuishia nne hadi sita, ikiwa imefungwa kwa vishikio vya kuondoka haraka ili mtu abaki na kilengeo cha chuma pale inapobidi. Kisha mkanda wa ngozi usiopiga kelele, na fimbo tatu zilizofungwa pamoja juu kwa ajili ya kuegeshea mtutu, vitu vya bei ndogo kuliko vyote na vinavyookoa nyama nyingi kuliko vyote. Siku ya kwanza kambini hakuwindwi. Bunduki hupigwa kwenye shabaha mita 100 ili kuona kama safari ya ndege haikuisogeza darubini. Mwindaji bingwa husimama nyuma, anaangalia karatasi kidogo na mteja sana.

Haya ya sheria kuchagua bunduki si mageni katika nchi hii. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ilipita Unyanyembe, yaani eneo la Tabora, na kilichopanda bara pamoja na nguo na shanga kilikuwa baruti na bunduki. Kilichoteremka ni pembe za ndovu. Uyui yenyewe ilikuwa na kituo cha wamisionari wa Kiingereza wa CMS mwanzoni mwa miaka ya 1880. Bunduki hizo zilikuwa, tuseme ukweli, mitumba. Majeshi ya Ulaya yalipoacha kushindilia baruti mdomoni mwa mtutu na kuanza kutumia bunduki za kupakia nyuma, na baadaye zile za kurudiarudia, mabaki yao yalishushwa Zanzibar. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza huko Zanzibar, Euan-Smith, alikadiria kuwa silaha kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia bara kila mwaka. Mtemi Mirambo alijenga dola yake kwa vijana wapiganaji walioitwa rugaruga na kwa kudhibiti njia ya bidhaa hiyo. Mfanyabiashara Tippu Tip, ambaye baba yake alikuwa ameweka makazi Tabora, inasemekana alipata jina lake kutokana na mlio wa bunduki zake.

Kisha likaja Azimio la Brussels la mwaka 1890. Mataifa ya Ulaya yalizuia bunduki za kisasa zenye mifereji ndani ya mtutu zisiuzwe kwa Waafrika katika eneo kubwa la bara, kutoka nyuzi 20 kaskazini hadi 22 kusini. Bunduki za kizamani, za jiwe la kufyatulia na mtutu laini, ziliachiwa mlango nusu wazi. Matokeo yake unaweza kuyaona hadi leo katika neno moja: gobore. Soko lilifungiwa mlango wa mbele, likabaki na mlango wa uani, na ndani ya uani huo wahunzi wa kienyeji wakajifunza kutengeneza zao. Chini ya miaka mitatu baada ya Brussels, Mtemi Isike wa Unyanyembe alizingirwa na Wajerumani ndani ya boma lake. Januari 1893 alilipua ghala la baruti akiwa humo humo. Sijui biashara nyingine ya Tabora ambayo mwenye mali aliifunga hivyo.

Magobore bado yapo. Wakulima wanaolinda mahindi dhidi ya ngedere na nguruwe pori wanayo, wengine kwa kibali, wengine bila. Mwaka 2016 wamiliki wa silaha nchini walitakiwa kuzipeleka zihakikiwe, na Polisi wametangaza pia vipindi vya kusalimisha silaha haramu kwa hiari. Bunduki ya mtutu wa bomba haina soko ambalo mwandishi wa uchumi anaweza kuliandikia bei. Ila mhunzi aliyeacha kazi hiyo aliwahi kuniambia kwamba jembe halina kesi.

Kwa mtu anayetaka njia halali, safari ya bunduki huanzia kijijini na kupanda hatua kwa hatua, kupitia kamati za ulinzi na usalama hadi Polisi, na inachukua muda ambao msimu wa uwindaji, unaofunguliwa tarehe 1 Julai, haukusubiri. Risasi nazo hununuliwa kwa kibali na kwa idadi. Ndiyo sababu ya pili ya kuanza na risasi: bunduki ya kipimo cha kigeni ambacho duka haliingizi ni fimbo ya bei mbaya. .375, .30-06, .308 na shotigani ya geji 12 zina jina kwa kila muuzaji. Nimemwona mtu mjini akiwa na raifoli nzuri ya kurithi, kitako cha mti wa mjozi kinachong'aa, na risasi nne tu zilizobaki duniani kwake. Haiwindi tena. Anaipaka mafuta.

Kwa vyovyote, fedha ya kweli haiko kwenye bunduki. Iko kwenye ardhi na leseni. Chini ya kanuni za uwindaji wa kitalii za mwaka 2010, vitalu viligawanywa katika madaraja matano, ada ya kitalu kwa mwaka ikianzia dola 5,000 hadi 60,000, kabla hujahesabu ada za wanyama. Tangu 2019 vitalu vimekuwa vikinadiwa kwa mtandao. Mteja mmoja anayekuja na bunduki mbili anawapa kazi dereva, mpishi, wasoma nyayo, mchuna ngozi na wabeba mizigo, na bunduki zake hurudi nazo kwao bila kuacha senti katika duka lolote la hapa. Katika mkoa huu vijiji vimeingia pia kupitia jumuiya za hifadhi, kama ile ya Ipole katika Wilaya ya Sikonge na ya Uyumbu upande wa Urambo, zinazopata mgawo wa mapato ya uwindaji.

Soko hilo limetikiswa mara kadhaa. Uwindaji wa kitalii ulifungwa mwaka 1973 na kufunguliwa tena mwaka 1978. Mwaka 2014 Marekani ilizuia nyara za tembo wa Tanzania kuingia kwake. Mwaka 2019 Bunge likaridhia pori la akiba la Ugalla, lililokuwa na sifa ya palahala na korongo, liwe Hifadhi ya Taifa. Katika hifadhi ya taifa hakuna kuwinda. Kampuni zilizokuwa humo zilifunga mahema. Kanuni za uuzaji wa nyamapori za mwaka 2020 zilifungua mlango mwingine, wa bucha halali, na nadhani huko ndiko mtu wa Uyui mwenye mtaji mdogo angeangalia kabla ya kuota darubini.

Na kulenga shabaha kama mchezo? Kenya, iliyopiga marufuku uwindaji mwaka 1977, ina wapenzi wake wanaokutana uwanja wa Kirigiti, Kiambu, wengi kwa bastola. Kwetu bado ni jambo la majeshi na la watu wachache wenye nafasi. Kijana wa Isikizya hana uwanja wa kwenda, na kwa haki hana pa kuiuza ndoto yake zaidi ya bando la intaneti.

Mzee alipomaliza kutuuzia asali alitoa funguo mfukoni kufunga kisanduku cha fedha. Kwenye pete ya funguo palining'inia ganda tupu la risasi, shaba iliyochakaa ikawa laini, refu kuliko kidole chake. Alilipuliza mdomoni, likatoa mlio mkali kama filimbi, kuku wawili wakakimbia.

"Hili ni la .375," alimwambia kijana. "Ilitoka moja tu."

Kijana akauliza anauza shilingi ngapi. Mzee akalirudisha mfukoni, akamsukumia chupa ya pili ya asali.