Potosí: watalii waingia mgodini, mlima ukizidi kubomoka

Miji mingi ya kihistoria katika nchi zinazozungumza Kihispania huonyesha wageni makanisa na viwanja vya zamani. Potosí, kusini mwa Bolivia, huwaonyesha pia mgodi ambamo watu wangali wanafanya kazi.

Mji huo uko kwenye mwinuko wa mita karibu 4,000, chini ya Cerro Rico, yaani «Mlima Tajiri». Wahispania walianza kuchimba madini ya fedha hapo mwaka 1545. Wenyeji wa Andes walilazimishwa kuingia mashimoni kwa zamu. Waafrika waliouzwa utumwani walifanyishwa kazi katika kiwanda cha sarafu. Casa de la Moneda, jengo lake la karne ya 18, leo ni makumbusho.

Kabla ya kuingia mgodini, watalii hupitia sokoni kununua majani ya koka na vinywaji, zawadi kwa wachimbaji. Ndani wanakuta sanamu ya El Tío, «Mjomba», ambaye wachimbaji humpa koka, sigara na pombe ili awalinde.

Unesco iliingiza Potosí katika Urithi wa Dunia mwaka 1987. Mwaka 2014 iliuorodhesha kati ya maeneo yaliyo hatarini, kwani uchimbaji usiodhibitiwa unatishia kubomoa mlima. Hata hivyo, kufunga mashimo si jambo rahisi: maelfu ya wachimbaji, wengi wao katika vyama vya ushirika, wanalisha familia zao kwa mlima huohuo.