Je, Wajua? Herufi za Kadi ya Harusi

Je, wajua kwamba Edwardian Script, fonti yenye mikia mirefu inayopendwa kwa majina ya maharusi, ilitoka mwaka 1994 tu? Aliyeichora ni Mmarekani, Ed Benguiat. Kwa sura ni ya enzi za wafalme. Kwa umri ni rika la bwana harusi mwenyewe.

Je, wajua kwa nini mstari mmoja wa herufi hizi ni mnene na unaofuata mwembamba kama unywele? Nibu ya chuma ina mpasuko katikati. Mkono ukishuka unakandamiza, nibu inatanuka, wino unajaa. Ukipanda unalegeza, kunabaki uzi. Kompyuta haikandamizi chochote, inaiga tu.

Uzi huo ndio wa kwanza kupotea. Toa fotokopi steshenari wino ukiwa umepungua, au piga kadi picha kwa simu uirushe kwenye kundi la WhatsApp la kamati: sehemu nene zinabaki, nyembamba zinakatika, na jina la bibi harusi linageuka vipande vipande.

Je, wajua kwamba herufi kubwa za fonti hizi zilichorwa kuanzia neno, si kujaza neno zima? Mchapaji wa Songwe akibonyeza Caps Lock na kuandika jina la mahali, MKWAJUNI, herufi nane zinagombania nafasi, kila moja na mkia wake. M, W, U na N zinafanana kama ndugu. Andika Mkwajuni, yaishe. Wa Ileje wana shida yao: I kubwa na J kubwa mara nyingi hazitofautiani, na mgeni atasoma Jleje. Wenye bahati mkoani Songwe ni akina Simkoko na Sinkala. S ni herufi inayopendeza kuliko zote kwa hati hii, na hapo sibishani na mtu.

Je, wajua kwamba jina kwenye chupa ya Coca-Cola ni hati ya mkono ya mtunza hesabu? Frank Robinson aliliandika miaka ya 1880 kwa mtindo wa Spencer, uliokuwa ukifundishwa Marekani kwa barua za biashara.

Pwani yetu nayo ilikuwa na mabingwa wa hati. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alinakili tenzi za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na mkono huohuo ulichonga mbao. Baadhi ya miswada yake iko London hadi leo.

Tukirudi kwenye kadi: namba ya simu ya kutuma mchango usiiandike kwa fonti ya maua. 1 na 7 zikichanganyika, hela ya mwanakamati inakwenda kwa mtu wa Tunduma asiyewajua. Majina kwa hati; tarehe, ukumbi na namba kwa herufi za kawaida.

Je, wajua kwamba "maandishi ya mkono" ya kwenye status si fonti kabisa? Ni alama za hisabati zilizoingizwa kwenye Unicode, orodha ya herufi na alama za kompyuta, mwaka 2001. Ukiandika jina la duka lako hivyo, mteja anayelitafuta kwa herufi za kawaida huenda asilipate, na simu inayomsomea asiyeona inaweza kuliruka au kutaja alama mojamoja. Bora uweke jina hilo kama picha, na chini yake uliandike tena kwa herufi za kawaida.