Tamthilia Iliyopotea, Daftari Lililosalia: Kisa cha Vortigern

Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi mhakiki anavyoweza kuijadili tamthilia ambayo matini yake haipo tena. Mfano wetu ni Vortigern, mchezo wa kihistoria ulioigizwa London enzi ya Malkia Elizabeth wa Kwanza. Vortigern ni yule mfalme wa Wabritoni wa kale anayesimuliwa kuwa aliwaalika Wasaksoni nchini mwake, nao wakamgeuka.

Ushahidi wa kwanza umo katika daftari la Philip Henslowe, mmiliki wa ukumbi wa Rose uliojengwa mwaka 1587. Henslowe alihesabu fedha, hakuhakiki sanaa. Tarehe 4 Disemba 1596 alinakili mapato ya mchezo aliouita "Valteger", akautia alama ya "ne". Wataalamu wengi huifasiri alama hiyo kuwa ni mchezo mpya, ingawa wapo wanaopinga. Mchezo uliendelea kuonyeshwa hadi 1597.

Ushahidi wa pili ni mavazi. Orodha ya mali ya kundi la Admiral ya mwaka 1598 inataja vazi la Vortimer, mwana wa Vortigern. Yaelekea basi kwamba mwana huyo alikuwa miongoni mwa wahusika, japo hatujasoma hata neno lake moja.

Ushahidi wa tatu ni mauzo. Novemba 1601, kundi hilo lilimlipa mwigizaji Edward Alleyn shilingi 40 kwa ajili ya hati ya mchezo. Henslowe anamwita Alleyn mwanawe, kwa kuwa alikuwa amemwoza bintiye wa kambo. Hati basi ilikuwa mali ya kununuliwa na kuuzwa, wala hakuna toleo lake lililochapishwa linalojulikana.

Pengo kama hili huwavutia waghushi. Tarehe 2 Aprili 1796, ukumbi wa Drury Lane uliigiza Vortigern nyingine, ikidaiwa kuwa ya Shakespeare. Kumbe imetungwa na kijana William Henry Ireland. Watazamaji waliizomea. Siku chache kabla, Edmond Malone alikuwa amechapisha kitabu kilichofichua udanganyifu wa hati za Ireland. Malone huyo huyo ndiye aliyeichapisha orodha ya mavazi mwaka 1790, na kwa kuwa hati asilia ilipotea baadaye, twaijua kupitia nakala yake tu. Hata daftari la Henslowe lilitiwa maandishi ya kughushi na John Payne Collier katika karne ya 19.

Kwa hivyo, rekodi nayo huhitaji kuhakikiwa. Hali kadhalika, sisi tunaoigiza vyuoni tuhifadhi miswada, tarehe na majina ya waigizaji, ili watakaotufuata wasilazimike kututafuta katika hesabu za fedha.