Soma Anwani Kabla ya Ukurasa

Matokeo ya kidato cha nne yanapokaribia kutangazwa, magrupu ya WhatsApp hujaa linki. Moja inadai matokeo yameshatoka, nyingine inamtaka mtahiniwa ajaze kwanza namba ya simu, ya tatu inaahidi mkopo wa chuo kwa ada ndogo ya usajili. Nembo ipo, rangi ni zilezile, na Kiswahili chake ni cha ofisini. Kijana aliyekulia kwenye simu anabonyeza upesi kuliko mzazi wake, na wengi wetu tunauona wepesi huo wa kidole kuwa ndio ujuzi wa kidijitali. Ujuzi wenyewe unaanza kabla ya kubonyeza.

Tuanze na anwani, kwa sababu husomwa kinyumenyume. Tafuta mkwaju wa kwanza unaofuata jina la tovuti, kisha soma kutoka hapo kurudi kushoto. Katika necta.go.tz/matokeo, jina linaishia na tz, yaani Tanzania. Kabla yake kuna go, sehemu iliyotengewa taasisi za serikali, na kabla ya hiyo necta, Baraza la Mitihani lenyewe. Vyuo hutumia ac.tz. Mpangilio huu una sababu: umiliki wa majina ya intaneti hugawiwa kuanzia kulia, na aliyepewa jina ana uhuru wa kuongeza chochote kushoto kwake. Basi tapeli aliyenunua jina linaloishia na .com anaweza kuliwekea necta.go.tz na nukta upande wa kushoto. Anwani itaanza vizuri kabisa, huku mwenye mali akiwa amejibanza mwishoni, mahali ambapo jicho lililozoea kusoma kutoka kushoto halifiki.

Na lile kufuli dogo ambalo baadhi ya vivinjari huonyesha kando ya anwani? Linaeleza tu kwamba mawasiliano kati ya simu yako na tovuti hiyo yamefichwa, mtu wa katikati asiyasome. Halisemi hata kidogo kama aliye upande wa pili ni mwaminifu. Vyeti vya usalama siku hizi hutolewa bure, na tapeli naye huvipata. Mwaka 2023 Google iliiondoa alama ya kufuli kwenye sehemu ya anwani ya kivinjari chake cha Chrome, kwa kuwa watu wengi waliichukulia kama muhuri wa uaminifu.

Lakini zipo tovuti ambazo anwani zake ni halali na bado zinapotosha. Hapo kuna utafiti ninaotamani kila mwalimu aujue. Mwaka 2017, Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha matokeo ya zoezi lililowashirikisha wanahistoria 10 wenye shahada ya uzamivu, wahakiki wa habari 10 na wanafunzi 25 wa chuo hicho. Katika swali moja walionyeshwa kurasa za vyama viwili vya madaktari wa watoto: kimoja kikubwa, kilichoanzishwa mwaka 1930, na kingine kidogo kilichojitenga nacho mwaka 2002 kwa sababu za kiitikadi. Majina yanafanana na kurasa zote zinapendeza. Wanafunzi wengi walikiamini zaidi kile kidogo, na hata wanahistoria kadhaa walibabaika. Wote hao walibaki palepale, wakisoma kwa makini, wakikagua nembo na marejeo. Wahakiki wao waliutupia ukurasa jicho, wakafungua kurasa nyingine pembeni na kuuliza: wengine wanasemaje kuhusu chama hiki? Walitumia muda mfupi zaidi na wakapata jibu sahihi. Wikipedia, ambayo walimu wengi huipiga marufuku, ilikuwa miongoni mwa vituo vyao vya kwanza. Walishuka moja kwa moja hadi kwenye marejeo yaliyo chini.

Kwa programu za akili mnemba tabia hiyo ya kuhakiki kwingine inahitajika maradufu. Programu ya namna hii hutunga sentensi kwa kukisia neno linaloelekea kufuata, hivyo inaweza kukupa jina la kitabu ambacho hakijawahi kuandikwa, likiwa na mwandishi na mwaka. Mwanafunzi akipewa rejeo, alitafute kwenye katalogi ya maktaba kabla ya kulinakili.

Mbinu ya wahakiki hao inafundishika. Huko Lincoln, Nebraska, Marekani, wanafunzi wa sekondari wapatao 500 walishiriki katika utafiti uliochapishwa mwaka 2022. Waliofundishwa vipindi sita vya dakika 50 waliwapita wenzao katika kupima tovuti. Hizo ni dakika 300, chini ya vipindi vinane vya dakika 40 tulivyovizoea Tanzania. Sekondari nyingi haziruhusu simu, na nyingi hazina maabara ya kompyuta, lakini somo la anwani linahitaji chaki tu. Mwalimu aandike anwani tano ubaoni, za kweli na za uongo zikiwa zimechanganywa, kisha amwite mwanafunzi mmoja mmoja apigie mstari jina la mwenye tovuti.